Sura ya Nne: Nani Aachwe?

Kikao kilianza saa nne asubuhi, na mpaka adhana ya adhuhuri tulikuwa hatujakubaliana hata wimbo mmoja wa kufungulia kituo. Masafa yalikwisha kulipiwa, mnara umesimama, kuta za studio zimebandikwa sponji. Lilibaki swali moja tu, ambalo mwenye mali alidhani ndilo jepesi kuliko yote: tupige muziki gani?

Kila mmoja akataja wake. Mhasibu, mama wa makamo, alitaka taarab. Kijana wa mitambo alitaka hip hop ya zamani, ile ya kabla vijana hawajaanza kulilia mapenzi. Mkuu wa mauzo, ambaye sidhani kama ana wimbo wowote moyoni, alisema tupige chochote ambacho kampuni za simu zitakubali kukidhamini. Mwenye mali alitusikiliza sote kwa upole, kisha akaufunga mjadala: "Basi tupige vyote. Redio ni ya watu wote."

Mimi nilikuwa mgeni mle ndani, nimeitwa kama mshauri kwa malipo ya nauli na wali kuku. Nikauliza: "Mzee, ni nani ambaye hutaki atusikilize?"

Akanitazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

Namwelewa. Mtu aliyezika fedha kiasi kile kwenye mnara hataki kuambiwa afukuze wateja kabla hajafungua duka. Kwenye mji wenye redio moja, hata angekuwa sahihi. Radio Tanzania Dar es Salaam ya miaka ya 1970 na 1980 ilipiga dansi, taarab, ngoma za asili na kwaya, ikasoma na vifo, na hakuna aliyehama kwa sababu hapakuwa na pa kuhamia. Lakini ukiwa na jirani upande huu na upande huu wa masafa, na kila jirani ana kitu kimoja anachokifanya kila saa, "vyote" hugeuka kuwa jina lingine la "hakuna". Msikilizaji anayetaka taarab ataipata kwako mara moja kwa saa tatu. Kwa jirani ataipata sasa hivi.

Hadithi inayolieleza jambo hili vizuri kuliko zote ninazozijua haikutokea kwetu. Ilitokea New York.

Mwaka 1978 mlima wa redio katika jiji lile uliitwa WABC. Ilirusha kwenye AM, masafa ya 770, kwa nguvu ya wati 50,000, na usiku sauti yake ilifika majimbo ya mbali kabisa, kwa kuwa mawimbi ya AM hudunda angani giza likiingia. Aliyeijenga katika miaka ya 1960 alikuwa mkuu wa vipindi aitwaye Rick Sklar, na siri yake ilikuwa ufupi. Kila wiki watu wake walipiga simu kwenye maduka ya santuri kuuliza ni zipi zimetoka, wakatengeneza orodha ya nyimbo chache mno, na wimbo ulioshika namba moja ukawa unarudi hewani kila baada ya saa moja na dakika kidogo. Kutwa, kucha.

Watangazaji waliichukia orodha hiyo, na hapa pana somo ambalo kila kituo hujifunza kwa maumivu. Mtangazaji hukaa na wimbo saa nne mfululizo, siku tano kwa wiki. Msikilizaji huingia garini, husikiliza dakika 20, hushuka. Siku mtangazaji anapoanza kuukinai wimbo, msikilizaji ndiyo kwanza anajifunza kiitikio. Ukimwachia mtangazaji achague, atapiga vitu vipya vya kuwafurahisha watangazaji wenzake, na mji utahama.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kumnyang'anya mtangazaji santuri, na si ya kisanii. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilifichuka Marekani kwamba madijei walikuwa wakipokea fedha na zawadi kutoka kampuni za santuri ili wapige nyimbo fulani. Aliyeumia kuliko wote ni Alan Freed, mtu aliyelitia neno "rock and roll" vinywani mwa Wamarekani. Novemba 1959 alikataa kutia sahihi karatasi ya kusema hajawahi kupokea kitu, akafukuzwa kazi. Kituo kilichomfukuza? WABC hiyo hiyo. Tangu hapo uchaguzi wa nyimbo ukahamia ofisi ya mkuu wa vipindi, penye mlango na kufuli. Wasomaji wangu waliowahi kuingia studio za Dar au Nairobi na bahasha mfukoni watajua kwa nini nasema kwamba hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko wimbo wowote.

Sasa, upande wa FM, kwenye 92.3, kilikuwako kituo kilichopiga muziki laini wa kubembeleza, wa kusikilizwa na mtu aliyejilaza kochini. Katika kila watu 100 waliokuwa na redio wazi pale jijini, waliokisikiliza hawakuzidi mmoja au wawili. Jina lake WKTU. Jioni ya tarehe 24 Julai 1978, pasipo mbwembwe, kikaacha kubembeleza, kikaanza kupiga disko. Disko tupu, moja baada ya nyingine.

Vipimo vya msimu wa vuli vilipotoka, WKTU ilikuwa na zaidi ya wasikilizaji 11 katika kila 100, na WABC, mlima ule, ilikuwa chini yake.

Hesabu hiyo ilileta kizunguzungu katika biashara nzima, na wengi walijieleza kwa neno moja: disko. Mimi naona jibu hilo ni nusu. Disko ilikuwako mjini tangu zamani. Wakati WKTU inageuka, filamu ya Saturday Night Fever ilikuwa na zaidi ya nusu mwaka kwenye majumba ya sinema, na WABC yenyewe ilipiga vibao vya disko kila vilipoingia kwenye orodha. WBLS, redio ya Weusi iliyojengwa kwa kipaji cha Frankie Crocker, ilikuwa ikizipiga nyimbo hizo kwa ustadi mkubwa. Muziki, basi, haukuwa mpya. Jipya lilikuwa kwamba mtu aliyetoka kucheza klabu Jumamosi usiku, Mweusi, Mpuerto Rico, Mwitalia wa Brooklyn, shoga wa Manhattan, Jumatatu asubuhi alikuwa na mahali pa kwenda ambapo wimbo unaofuata hautamwangusha. WABC ingempigia Bee Gees, halafu imtupie balada ya mzee mwenye gitaa. Pale ndipo alipokuwa akihama.

WKTU ilikuwa na mtangazaji, Paco Navarro, aliyetangaza kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kihispania isiyofichwa. Sauti za redio za enzi ile zilisafishwa mpaka hujui mtu katoka wapi. Paco alisikika katoka mtaani kwako. Na wimbo wenyewe ulisikika vizuri zaidi: FM ilikuwa na stirio, na AM ikisikika kama mtu anayeimba ndani ya debe. Ni katika miaka hiyo hiyo FM ilipoipita AM kwa wasikilizaji kote Marekani. Kwa hiyo anayesema WKTU ilishinda kwa disko ameona kisu lakini hakuona mkono ulioshika mpini.

Yaliyofuata yanafundisha kuliko ushindi wenyewe. Kila mwenye kituo kinacholegea, kutoka pwani hadi pwani, alitaka disko yake. Chicago, kituo cha rock cha WDAI kiligeuka, na mtangazaji wake Steve Dahl akajikuta mtaani. Akapata kazi kituo cha jirani, WLUP, akaifanya hasira yake kuwa kipindi. Tarehe 12 Julai 1979 akawaalika wasikilizaji katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park: njoo na santuri ya disko, ingia kwa senti 98, tutazilipua katikati ya uwanja. Walikuja makumi ya maelfu. Baada ya mlipuko wakavamia uwanja, mechi ya pili kati ya mbili za siku hiyo ikashindikana, na timu ya nyumbani ikapoteza mechi hiyo mezani. Wapo wanaosema usiku ule disko iliuawa na wahuni. Wapo wanaosema, na nadhani wana haki, kwamba chini ya moshi ule kulikuwa na chuki kwa watu ambao muziki ule ulikuwa wao. Kwa mwenye redio kulikuwa na jambo la tatu: ndani ya mwaka mmoja tangu Julai ya WKTU, pengo lilikuwa limefukiwa na watu wengi kiasi kwamba kulipiga teke kukawa biashara.

Nako New York, WABC iliyoshikwa na hofu ilianza kumwiga aliyeipiga. Ikaingiza disko kwa wingi, zile nyimbo ndefu za klabu, kwenye redio ambayo watu waliizoea kwa nyimbo za dakika tatu. Wapenzi wa disko hawakuja. Walikuwa na chao, chenye stirio. Wazee wa WABC wakaondoka. Tarehe 10 Mei 1982, saa sita mchana, WABC ikaacha muziki kabisa, ikawa redio ya mazungumzo.

Angalia sasa pengo lilivyohama. Kufikia 1983 wataalamu walikuwa wamekubaliana kwamba redio inayochanganya vibao vyote vikubwa vya wiki, bila kujali vya Weusi au Weupe, vya gitaa au vya kinanda, imekufa na WABC. Kwa kuwa wote waliamini hivyo, hakuna aliyekuwa akiifanya sawasawa. Tarehe 2 Agosti 1983 akatokea Scott Shannon kwenye kituo cha Newark, upande wa pili wa mto, masafa 100.3, kilichokuwa mkiani kabisa. Akakiita Z100, akapiga vibao vya wiki tu, akawaambia wasikilizaji waziwazi kwamba wako mkiani na wanakwenda kileleni. Iliwachukua siku 74. Na WKTU? Mwaka 1985 masafa yake ya 92.3 yakapewa muziki wa rock.

Kwa hiyo mshauri anayekuja na jedwali la "muziki unaopendwa zaidi mjini" anakuuzia ramani ya jana. Muziki unaopendwa zaidi ndio tayari una redio tano. Kinachotafutwa ni watu wanaopenda kitu na kila siku wanaondoka mikono mitupu.

Unawatafutaje? Kwa Wamarekani kazi hii ilikuwa na zana zake. Kampuni ya Arbitron ilipeleka vijitabu majumbani, mtu akaandika kwa wiki nzima alichosikiliza. Kwa kuwa kijitabu kilijazwa kwa kumbukumbu, vituo viliimba majina yao kila baada ya dakika chache. Jingo za WABC zilitengenezwa Dallas na kampuni ya PAMS, na lengo lao halikuwa kukuburudisha, ni kuhakikisha kwamba ukishika kalamu jioni unakumbuka uandike nini. Kwa nyimbo, walipiga simu na kukusikilizisha vipande vya sekunde chache, wakiuliza maswali mawili: unaupenda? umeuchoka? Swali la pili ndilo la dhahabu. Wimbo unaopendwa na uliochosha huondolewa, unapumzishwa, unarudi baadaye kama jamaa aliyetoka safari.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika na kitabu changu cha Wamarekani siku moja, nimekaa saluni ya kike Sinza nikimsubiri mwenzangu, ndipo nikaona kasoro yake. Mwenye kijitabu cha Arbitron ni mtu mmoja, mara nyingi peke yake ndani ya gari lake, na mkono wake uko kwenye kitufe chake. Mle saluni tulikuwa watu tisa na redio moja. Kitufe kilikuwa cha mmoja: msusi mkuu. Asubuhi aliacha watu wasikilize magazeti yakisomwa. Saa tano akahamisha stesheni kufuata umbea wa mchana. Alasiri akahama tena. Wateja wake, wenye vichwa mikononi mwa wengine, hawakuwa na kura.

Dar es Salaam ni jiji la kitufe cha mtu mwingine. Dereva wa daladala, kinyozi, fundi cherehani, Mangi dukani, mama ntilie: hao ndio wanaochagulia wengine. Hawamiliki masikio mawili, wanamiliki ishirini. Na hawaitumii redio kama mtu aliye njiani dakika 20. Wanashinda nayo kutwa. Ukimpigia fundi cherehani wimbo ule ule kila baada ya saa moja, kama Rick Sklar, jioni atakuwa ameusikia mara kumi na ataizima redio kwa sindano ya cherehani.

Ndiyo maana fomati zetu hazikugawanyika kwa aina ya muziki tu. Ziligawanyika kwa saa. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango, Radio One ikaingia hewani 1994, na humo kwenye kipindi cha vijana cha akina Taji Liundi na Mike Mhagama rapu ya Kiswahili ikapata kona. Jina lenyewe la bongo fleva hutajwa kuwa lilitoka kinywani mwa Mhagama. Lakini angalia: kona. Kipindi, si kituo. Clouds FM ilipozaliwa 1999, ikitokana na watu wa biashara ya disko, iliichukua kona hiyo ikaifanya nyumba, na kijana wa mjini akawa ndiye mwenye nyumba. Hata hivyo ndani ya nyumba kulikuwa na vyumba: Power Breakfast asubuhi, Leo Tena kwa akina mama mchana, XXL kwa vijana alasiri. Swali la Dar si "muziki gani?" bali "muziki gani, saa ngapi, kitufe kiko mkononi mwa nani?"

Miaka 15 baadaye jiji lilikuwa limejaa redio zinazopiga bongo fleva ile ile kwa sauti zile zile za kishua. Mimi ningeapa hapakuwa na nafasi. Lakini uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati, vijana walikuwa wakicheza singeli kwenye vigodoro usiku kucha, muziki wa mapigo 200 na zaidi kwa dakika, uliorekodiwa kwenye kompyuta za bei chee na kusambazwa kwa memori kadi. Watu wa redio waliuona kuwa kelele za wahuni. EFM, iliyoanza 2014, ikaupa hewa. Kama WKTU, haikuvumbua kitu. Iliwakuta watu wanacheza, ikawaambia kesho asubuhi mtatukuta hapa. Na ilimwacha mtu kwa makusudi: yule wa ushuani ambaye akisikia singeli hupandisha kioo cha gari. Bila huyo kupandisha kioo, wa Manzese asingejua kwamba redio ile ni yake. Baada ya muda redio nyingine nazo zikajifanya zimeipenda singeli tangu utotoni.

Nairobi wao waliligawa jiji kwa kisu kingine, lugha. Capital FM ya 1996 ilizungumza Kiingereza na kupiga vibao vya ng'ambo kwa watu wa ofisini. Mwaka 2000 Kameme ikaingia na Kikuyu, na wenye matangazo waliodhani mnunuzi ni yule wa Kiingereza tu wakagundua kwamba hata huyo akifika nyumbani huvua tai na kusikiliza kwa lugha ya mama. Kisha zikaja redio za Sheng, za injili, za reggae. Siendi mbali na Nairobi kwa sababu kule wimbo mara nyingi ni pambo la mazungumzo ya asubuhi, na mazungumzo yana sura yake mbele.

Turudi kikaoni. Baada ya wali kuku nilimwomba mwenye mali kitu kimoja: tutembee. Tulizunguka siku tatu, saluni, gereji, vibanda vya chipsi, hatuulizi watu wanapenda nini, kwa sababu mtu akiulizwa hutaja kinachompa heshima. Tulikuwa tukitazama mkono unapokwenda kwenye kitufe, na wimbo uliokuwa ukipigwa wakati huo. Siku ya tatu tulikuwa na picha: mafundi na wenye maduka wa miaka 35 kwenda juu, waliokulia bongo fleva ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambao sasa ilipigwa Jumapili tu kama vile ni ya marehemu. Walikuwa wakizima redio na kuchomeka flashi. Ile flashi ndiyo ilikuwa pengo letu.

Mzee alikubali. Tukaandika kwenye karatasi: vijana wa chini ya miaka 25 hatuwataki, wapenzi wa taarab wana kwao, injili ina kwao. Akatia sahihi kwa kalamu ya wino, kwa madaha.

Siku ya kufungua, saa kumi na mbili asubuhi, tulipiga nyimbo tatu tu. Kabla ya nne simu ya studio ikalia. Alikuwa yeye, yuko garini na mke wake njiani kwenda kazini. Alitaka kujua, kwa upole wake ule ule, kwaya itakuwa saa ngapi.